Maswali ya Wasomaji: Kwa Gari na Hema, kutoka Mikumi hadi Ruaha

Likizo ya Juni inapokaribia, barua nyingi zinazoifikia safu hii huwa zinauliza juu ya safari ya aina moja: familia au kundi la marafiki wanaotoka Dar es Salaam kwa gari lao, hema likiwa kwenye buti, kwenda kuzitembelea hifadhi za kusini na kulala ndani yake. Katika toleo hili tunazijibu barua nne, na ya kwanza tutaijibu kwa kirefu kwa kuwa imebeba jambo linalowakwamisha wengi.

Shikamoo, Mzee. Mimi na wenzangu watatu tumepata likizo ya siku nane mwezi wa Juni. Tunataka kutoka Dar es Salaam kwa gari aina ya Land Cruiser tuliloazimwa, tulale kwenye mahema, na tuzione Mikumi, Udzungwa, Ruaha, Kitulo na Nyerere, kisha turudi. Tumepiga hesabu ya kilometa na tunaona inawezekana. Tunaomba utupangie siku. — Msomaji wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Kwa kilometa peke yake hamjakosea, lakini safari ya namna hii hupangwa kwa saa ya langoni. Kibali cha kuingia katika hifadhi za taifa huhesabiwa kwa saa 24 tangu mnapoingia, ada ya kupiga kambi hulipwa kando kwa kila usiku, na kuendesha gari hifadhini giza likishaingia ni marufuku. Mtu anayefika langoni jua linazama hulipia usiku ambao hataona kitu, akaamka amechoka, na kabla hajaanza kufurahia anakuta saa zake zinayoyoma. Mkizingatia mambo hayo matatu kwa pamoja, mtaona wenyewe kwamba hifadhi tano kwa siku nane maana yake ni kulipa kwenye malango matano na kukaa barabarani.

Ninachowashauri ni kuingia mnamo saa 9 alasiri. Wanyama wengi hujificha kivulini adhuhuri, hutoka jua linapopungua makali, na huwa katika pilikapilika zao tena alfajiri hadi kama saa 4 asubuhi. Anayeingia saa 9 hupata jioni nzima na asubuhi nzima ndani ya kibali kimoja, halafu joto la mchana, ambalo halina faida kubwa kwa mtazamaji, hulitumia kukunja hema na kuelekea langoni. Anayeingia saa 4 asubuhi, kwa malipo yale yale, huanza na mchana ulio mkavu na hulazimika kutoka asubuhi ya pili wakati simba bado hawajalala. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi mara nyingi zaidi, maana halimgharimu mtu hata shilingi moja.

Sasa tupunguze orodha. Nyerere iondoeni. Ni hifadhi kubwa kuliko zote nchini, yenye kilometa za mraba 30,893, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na inastahili safari yake yenyewe. Isitoshe, njia inayotumiwa na wengi kutoka Dar es Salaam hupitia Kibiti na Mloka hadi lango la Mtemere, upande ambao hauhusiani kabisa na barabara ya Iringa. Kitulo nayo iondoeni, kwa sababu nyingine. Hifadhi hiyo ya nyanda za juu, iliyotangazwa mwaka 2005, husifiwa kwa maua, na maua hayo huja na mvua, takriban kati ya Desemba na Aprili. Mkienda Juni mtakuta nyasi, upepo na baridi inayoweza kufikia kiwango cha jalidi. Ruaha ni kinyume chake: uzuri wake hupanda kadiri ardhi inavyokauka. Hifadhi hizi mbili zina misimu inayopishana, na anayezifunga katika safari moja atakuwa ameikosea mojawapo.

Zinabaki tatu, na hizo zinakaa vizuri ndani ya siku nane. Siku ya kwanza ondokeni Dar es Salaam alfajiri, mle chakula cha mchana Morogoro bila haraka, kisha muingie Mikumi, ambayo iko kama kilometa 283 kutoka Dar es Salaam, saa 9 alasiri. Nendeni moja kwa moja upande wa tambarare ya Mkata, ambako nyati, pundamilia, nyumbu na tembo huonekana kwa urahisi. Siku ya pili tokeni kabla ya saa 9, mpite mji mdogo wa Mikumi na kushika barabara ya Ifakara hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, umbali wa kilometa 65 hivi. Laleni hapo usiku wa pili na wa tatu.

Udzungwa ni hifadhi ya miguu. Hakuna barabara za magari ndani yake, hivyo gari hubaki chini nanyi hupanda mkiwa na mwongozaji. Njia ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka kwa ngazi zenye jumla ya meta 170 hivi, humaliza sehemu kubwa ya siku, na ndani ya msitu huo wanaishi mbega wekundu wa Udzungwa pamoja na kima aina ya mangabei wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na ambaye hapatikani popote nje ya milima hiyo. Wapo watakaowaambia muiruke Udzungwa kwa kuwa haina simba wa kupigwa picha. Msiwasikilize. Baada ya siku mbili za kukaa kwenye kiti cha gari, siku moja ya kupanda mlima kwa miguu ndiyo itakayoufanya mwili ukubali siku zilizobaki.

Siku ya nne rudini barabara kuu na kwenda Iringa, mlale mjini. Wengi huona usiku huo kuwa umepotea, ilhali ndio usiku wa kuoga maji ya moto, kununua mahitaji, kujaza mafuta, kukagua magurudumu na kukamilisha malipo ya Ruaha. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Hupewa namba ya malipo na kulipa kwa benki, kadi au simu, na ni heri jambo hilo mlimalize mkiwa mahali penye mtandao wa uhakika. Bebeni pia vitambulisho vya taifa, kwa kuwa viwango vya raia wa Afrika Mashariki ni vya chini sana kuliko vya wageni, na mhifadhi aliye langoni hana namna ya kuukadiria uraia wenu kwa lafudhi. Gari nalo hulipiwa, kwa kufuata uzito wake na nchi lilikosajiliwa.

Siku ya tano nendeni Ruaha. Ni kilometa 130 hivi kutoka Iringa, kwenye njia ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa vumbi na mabati, yaani zile bati za mchanga zinazolitetemesha gari mpaka skrubu zikalegea. Tengeni saa nne kwa ajili yake, muingie saa 8 au 9, na mlale usiku wa tano na wa sita upande wa Msembe, karibu na Mto Ruaha Mkuu. Siku ya saba tokeni mchana, mlale Iringa. Siku ya nane mna kilometa takriban 500 za kurudi Dar es Salaam, ambazo ni za mchana mzima.

Jambo moja kuhusu Ruaha ya Juni nilitamke wazi ili msije mkalalamika. Hifadhi hiyo iliongezwa eneo la Usangu mwaka 2008 na kufikia kilometa za mraba 20,226, kwa hiyo wanyama wana mahali pengi pa kwenda. Mwezi wa Juni nyasi bado hazijalala na maji bado yapo kwenye vijito vya ndani, hivyo wanyama hutawanyika. Septemba na Oktoba ndipo wanapobanana mtoni, na mto wenyewe ni habari ya kusikitisha: tangu mwaka 1993 umekuwa ukiacha kutiririka kwa wiki kadhaa karibu kila mwisho wa kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenda mashambani huko juu Usangu, na viboko hubaki wamesongamana kwenye madimbwi machache. Kama mwajiri wenu atawaruhusu kuisogeza likizo mpaka Septemba, isogezeni. Kama hataruhusu, nendeni Juni, lakini mtumie asubuhi zote mbili kukaa mahali pamoja kando ya maji badala ya kuzunguka mkiwafukuzia wanyama.

Tuna gari dogo aina ya saluni, lililo zima kabisa, na limeshatufikisha Mbeya mara nyingi. Je, linaweza kutufikisha Mikumi na Ruaha, au ni lazima tukodi gari lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne? — Msomaji wa Kibaha

Ndugu yangu, hilo ni swali lenye majibu matatu kwa hifadhi tatu. Udzungwa litafika, kwa kuwa litasubiri getini. Mikumi wakati wa kiangazi litaweza njia kuu za Mkata ukienda polepole na ukiwauliza askari wa hifadhi asubuhi ile ni njia zipi ziko wazi. Mvua ikinyesha usijaribu, kwa sababu udongo mweusi wa pale hushika magurudumu na hauachii mpaka utafutiwe gari la kukuvuta. Ruaha usilipeleke. Kuna kuvuka mito ya mchanga, kuna mawe, na gari lililo karibu na ardhi hupasua sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, mahali ambapo fundi wa karibu yuko saa nyingi kutoka ulipo.

Mimi ningefanya hivi: saluni ningeiendesha hadi Iringa, niiache mahali penye ulinzi, kisha nikodi pale gari kubwa pamoja na dereva anayeifahamu hifadhi kwa siku hizo mbili. Gharama yake, ukilinganisha na kukodi gari kubwa kutoka Dar es Salaam kwa wiki nzima, huwa ni nafuu, na dereva mwenyeji atakuonyesha chui mahali ambapo wewe ungeona mti tu.

Ikiwa mtapata gari kubwa na kuliendesha wenyewe, pigeni hesabu ya mafuta kabla ya kuondoka Iringa. Kwenda na kurudi ni kilometa 260. Mizunguko ya ndani kwa siku mbili inaweza kufika 200. Gari linalokwenda kilometa 7 kwa lita litahitaji lita 66 hivi, na gia za chini pamoja na mchanga huongeza ulaji, kwa hiyo lita 90 ni kiasi cha kukuwezesha kulala usingizi. Mafuta ya akiba yawekwe kwenye dumu la chuma na kufungwa nje ya gari, kamwe si ndani pamoja na abiria. Magurudumu ya akiba yawe mawili. Mkiingia kwenye mchanga laini, punguzeni upepo wa magurudumu ili yatanuke na kushika, lakini pampu ya kuyajaza tena muwe nayo, kwa sababu gurudumu lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye barabara ngumu hupata joto na kupasuka.

Barabara kuu nayo ina mitihani miwili. Wa kwanza ni ile sehemu ya kilometa 50 hivi inayokatiza Hifadhi ya Mikumi. Mpita njia halipi kiingilio, lakini anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama, na twiga anayevuka usiku huonekana miguu tu hadi umeshamkaribia. Ipiteni mchana. Wa pili ni Mlima Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni. Wakati wa kupanda, acheni nafasi kubwa nyuma ya malori yenye matela, na mtazame mshale wa joto la injini. Wakati wa kurudi, teremkeni kwa gia ya chini tangu mwanzo, maana breki zinazokanyagwa mfululizo kwenye kona zile huungua na kuacha kushika. Malori yaliyolala bondeni yanatosha kuwa ushahidi. Ukifika salama Ruaha Mbuyuni, vitunguu ni vya kununua wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda, la sivyo gari litanuka safari nzima.

Kaka, mume wangu ameshakata shauri kwamba tutalala kwenye hema Ruaha pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka saba na kumi. Nimesikia kwamba kambi hazina uzio. Je, ni kweli? Na je, ni salama? Usinifiche. — Mama, Morogoro

Ni kweli, dada yangu. Kambi za hifadhini kwa kawaida hazina uzio, na usiku mtasikia fisi, huenda na simba, na tembo anaweza kupita akivunja matawi karibu na mahali mlipolala. Usalama upo, ila ni usalama wa masharti, na masharti hayo watoto wa umri huo wanaweza kuyashika vizuri kuliko baba zao.

Mnyama wa porini kwa kawaida hulichukulia hema lililofungwa kama kitu kizima, kama vile kichuguu, na hana sababu ya kuliingilia. Sababu huwa tunampa sisi. Chakula, na hasa matunda yenye harufu kali kama machungwa, kamwe kisilale ndani ya hema. Kikae kwenye gari lililofungwa pamoja na sabuni, dawa ya meno na taka za siku ile. Nyani na tumbili hufanya uvamizi wao mchana, mbele ya macho yenu, na wakishapata mkate mara moja hawasahau kambi hiyo. Usimruhusu mtoto kumlisha hata mmoja. Viatu viingie ndani, kwa kuwa fisi huvitafuna. Zipu ifungwe mpaka mwisho kila mara, mchana na usiku, jambo ambalo pia huwazuia nyoka na nge.

Mahali pa kusimika hema pachaguliwe kukiwa na mwanga. Tazameni chini: njia pana iliyokanyagwa kuelekea mtoni ni barabara ya viboko au tembo, na hamtaki kuwa katikati yake saa 9 usiku. Epukeni pia miti ya migunga inayodondosha maganda, kwa kuwa tembo huyapenda. Wekeni mahema karibu karibu, gari likiwa hatua chache tu. Maji ya mtoni msiyaendee hata kwa kuosha sufuria, kwa sababu ya mamba. Bebeni maji yenu, kwa kadirio la lita tano kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia.

Baada ya chakula cha jioni hakuna kutembea. Haja ndogo ya usiku ndiyo huwatoa watu nje, kwa hiyo wekeni ndani ya hema ndoo yenye mfuniko, na msione aibu. Waelekezi wazoefu hufanya hivyo hivyo. Ikitokea lazima kutoka, mtu mzima atangulie, amulike pande zote kwanza, na macho yanayong'aa yakionekana arudi ndani taratibu. Moto wa kambi huwafukuza wengi lakini hauzuii wote, hivyo usiutegemee kama ukuta.

Hata hivyo, hatari ninayoihofia zaidi kwa familia yako haina meno. Usiku wa Juni Iringa una baridi, na mzazi mwenye huruma anaweza kufikiri kuliingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili watoto wapate joto. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi asiamke. Hata mkaa unaoonekana kuwa umebaki majivu bado huitoa. Joto litafutwe kwa blanketi, soksi, kofia na mkeka mnene chini ya godoro, kwa kuwa baridi nyingi hupanda kutoka ardhini.

Mchana wavishe nguo za rangi ya kaki au kijani iliyofifia. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na kuumwa kwake kutawaliza watoto kuliko kitu kingine chochote mtakachokutana nacho. Jioni ni mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu. Mtu akiumwa na nyoka, msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba; kiungo kisichezeshwe, askari wa hifadhi wajulishwe, na safari ya hospitali ianze mara moja.

Tuna maswali mafupi. Je, tunaweza kuokota kuni kambini, kubeba spika ya muziki, na kwenda na mbwa wetu ambaye hana wa kumwangalia nyumbani? — Wasomaji wa Dodoma

Kuni haziokotwi; mti uliokauka ndani ya hifadhi ni makazi na chakula cha viumbe wengine, na sheria inaulinda kama ulio hai. Bebeni jiko la gesi, ambalo hata hivyo hupika haraka zaidi. Spika iacheni, kwa kuwa kelele haziruhusiwi na mtawakosesha wenzenu sauti walizozifuata. Mifuko ya plastiki nayo msiibebe, kwani imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mbwa haruhusiwi kabisa, na sababu yake si urasimu. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uliotokana na mbwa wa vijijini uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Mbwa wenu anaweza kuonekana mwenye afya na bado akabeba maradhi ambayo wanyama wa porini hawana kinga nayo. Mtafutieni ndugu wa kukaa naye, au mpeane zamu: mmoja wenu abaki Iringa mjini na mbwa usiku wa kwanza, na mwingine usiku wa pili. Mkichagua zamu, kumbukeni kwamba kila anayeingia hulipia kibali chake upya, na anayepokelewa lazima awe nje ya lango kabla saa zake 24 hazijaisha.